"Kwa Hasira" Si Sababu

Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kilinipa kazi ya kusoma insha zote zilizoletwa kwa ajili ya jarida hili kabla hazijapigwa chapa. Nimezisoma zote, ndefu kwa fupi, tamu kwa chachu. Kuna maneno mawili niliyoyakuta karibu katika kila insha, mithili ya chumvi katika kila chungu. Maneno yenyewe ni "kwa hasira". Mama alisema kwa hasira. Baba alifunga mlango kwa hasira. Mbwa alibweka kwa hasira. Mvua nayo, jamani, ilinyesha kwa hasira. Kuna hata mwenzetu mmoja ambaye shujaa wake alilala kwa hasira na akaamka kwa hasira!

Maoni yangu nayatoa wazi mapema, ili asiyekubaliana nami aanze kutafuta hoja zake. Nasema hivi: namna tunavyoyatumia maneno haya tumeiokota katika Kiingereza, tumeizidisha kupita kiasi, na sasa yamekuwa kichaka cha kujificha. Anayejificha humo si mwandishi mvivu peke yake. Mkosaji naye amejificha humo. Nipe dakika chache nikueleze.

Tuanze na Kiingereza. Waingereza wana jina "anger", yaani hasira. Wakatoa humo kivumishi "angry", yaani mwenye hasira. Kisha wakabandika mkia wa "-ly", wakapata "angrily". Hicho ni kielezi, na kazi ya kielezi cha namna hiyo ni moja tu: kujibu swali la "vipi?" Mtu alipaza sauti. Vipi? "Angrily." Basi, kazi yake imekwisha. Kielezi hicho hakikuambii ni kwa nini alipaza sauti, wala kama alikuwa na haki ya kuipaza. Kinakuonyesha sura ya tendo tu, kama vile mtu anavyokuambia kwamba gari lilipita mbio bila ya kukuambia lilikuwa linakwenda wapi.

Kiswahili hakina mkia wa namna hiyo. Sisi tuna njia zetu. Tunaweza kutumia "ki-" au "vi-", tukasema alitenda kikatili, aliimba vizuri. Tunaweza kuchukua nomino na kuitanguliza "kwa", tukasema kwa upole, kwa haraka, kwa hasira. Hakuna anayesema "kihasira", angalau mimi sijamsikia. Kwa hiyo sisemi kwamba "kwa hasira" ni kosa la sarufi. La hasha! Ni Kiswahili sanifu, na mwalimu hawezi kukukata alama kwa sababu hiyo pekee. Ninalosema ni kwamba mwanafunzi aliyeizoea "he said angrily" anaitafsiri kichwani neno kwa neno, anaandika "alisema kwa hasira", kisha anafunga daftari akidhani amemaliza. Kumbe amepita mbele ya ghala lililojaa nafaka akaenda kuomba unga kwa jirani.

Ghala lenyewe ni vitenzi. Kiswahili hakipendi kubeba hasira kwenye kielezi. Hupenda kuibeba kwenye tendo. Hebu tuvihesabu vichache.

Mtu anayetoa maneno makali mfululizo bila ya kupumua, huyo anafoka. Neno hili hutumika pia kwa kitu kinachochemka mpaka kikapanda na kumwagika, basi umeona picha yenyewe. Anayemrudi mdogo wake kwa sauti kali ili aache jambo, anamkaripia au anamkemea. Anayejibu ghafla kwa sauti kali kabla hata hujamaliza swali, anang'aka. Anayevimba uso na kifua bila ya kusema neno, amefura, kama unga uliotiwa hamira. Anayenyamaza na kukunja uso, amenuna. Anayekataa chakula au kuacha shughuli kwa sababu ameudhiwa, amesusa, ama amezira. Anayefyonya, naye amesema mengi bila ya kutamka hata silabi moja. Anayekasirika ghafla kwa jambo dogo, amehamaki. Aliyekasirika sana, hasira ya mtu mzima mwenye mamlaka, ameghadhibika. Na yule anayekaa na hasira moyoni mwezi mzima huku akikuchekea, huyo ana kinyongo, na huyo ndiye wa kuogopwa zaidi.

Haya si maneno ya kamusi tu. Nenda kituo cha magari mjini Embu siku ya kufunga shule. Makanga anapaaza sauti, "Runyenjes, Chuka, Nkubu, Meru!" Nauli imepanda ghafla kwa vile abiria ni wengi. Mama mmoja mwenye kikapu anamjia juu makanga. Makanga anang'aka, "Mathe, kama hutaki shuka!" Mzee aliyeketi nyuma anamkemea makanga amwheshimu mama wa watu. Msichana aliye karibu na dirisha anafyonya. Dereva kanuna tu, anangoja wamalize aondoe gari. Watu watano, hasira tano, wala hakuna inayofanana na nyingine. Sasa niambie, ukiandika kwamba wote "walizungumza kwa hasira", umetuonyesha nini?

Hata vijana wanaosema Sheng, ambao wazee wanawalaumu kwamba wanaharibu lugha, wamefuata mkondo huu huu. Mtu aliyeudhika "amejam". Anayekuomba usikasirike anakuambia "usimaindi". Anayepandwa na mori "amepaniki". Sisemi muandike hivyo kwenye insha ya mtihani, msije mkaniponza! Ninasema tu kwamba kijana anapohitaji neno jipya la hasira, anatafuta kitenzi. Hiyo ndiyo tabia ya lugha zetu.

Mama yangu ametoka upande wa Runyenjes na baba ni Mwimenti, kwa hiyo likizo zetu zimegawanyika pande zote mbili za mto Thuci. Huko kote nimesikiliza hadithi jikoni. Cucu, yaani nyanya yangu mzaa mama, anaposimulia habari ya mtu aliyekasirika, hatuambii kamwe kwamba alikasirika. Anatuambia kwamba mtu yule aliweka kikombe chini bila ya kunywa, akafunga leso yake vizuri, akatoka na hakuaga. Sisi watoto tunatazamana tukijua mambo yameharibika. Hajataja hasira hata mara moja, nasi tumeiona.

Kosa jingine linalotokana na hilo la kwanza ni kurudia. Wengi wakishajifunza vitenzi hivi wanaandika "alifoka kwa hasira", "alinuna kwa hasira", "alighadhibika kwa hasira". Hayo ni sawa na kusema "alipanda juu" au "alishuka chini". Nani amewahi kushuka juu? Kitenzi kimeshabeba mzigo, kwa nini umpe kielezi mzigo huo huo?

Hadi hapa unaweza kudhani kwamba ninazungumzia mapambo ya insha. Sasa nakuja kwenye hoja yenyewe iliyonifanya nishike kalamu.

Kila mwanafunzi wa Kiswahili amewahi kukutana na swali la mtihani linalomtaka aeleze matumizi mbalimbali ya "kwa". Tunayakariri tukitembea bwenini. "Kwa" ya mahali: amekwenda kwa mjomba. "Kwa" ya kifaa: alikata mti kwa shoka. "Kwa" ya namna: alitembea kwa madaha. "Kwa" ya sababu: alilia kwa uchungu wa kufiwa. Na nyinginezo. Tunaandika, tunapata alama, tunasahau. Lakini tazama sentensi hii: "Alimpiga kwa hasira." Hiyo ni "kwa" gani? Ni ya namna, yaani hasira ilionekana katika jinsi alivyompiga? Au ni ya sababu, yaani alimpiga kwa vile alikuwa na hasira? Sentensi haisemi. Inaweza kuwa zote mbili.

Hapo ndipo penye mtego. "Angrily" ya Waingereza hujibu "vipi" tu. "Kwa hasira" yetu inaweza kuingia kwa mlango wa "vipi" na kutokea kwa mlango wa "kwa nini" bila ya mtu kuiona. Mwandishi alitaka kueleza namna, msomaji akapokea sababu. Na sababu ikishapatikana, nani ataendelea kuuliza?

Nitoe mfano. Katika shule moja ya eneo letu hili, ambayo sitaitaja, vioo vya madirisha ya bwalo vilivunjwa usiku. Asubuhi wanafunzi kadhaa waliitwa ofisini wakapewa karatasi waandike yaliyotokea. Rafiki yangu alikuwamo, naye ndiye aliyenisimulia. Karibu karatasi zote ziliandikwa sentensi ile ile: "Tulivunja madirisha kwa hasira." Barua ikapelekwa kwa wazazi: "Wanafunzi walivunja madirisha kwa hasira." Wazazi wakasoma, wakasikitika, wakalipa, basi yakaisha. Hakuna karatasi iliyosema kwamba mabomba yalikuwa makavu kwa siku tatu na hakuna aliyetoka kueleza. Hakuna iliyosema ni nani aliyerusha jiwe la kwanza. Wala hakuna iliyosema kwamba mpishi aliyekuwa ndani akisonga ugali alikatwa na kioo mkononi. Maneno mawili tu yalimeza sababu, yakamficha aliyetenda na kumsahau aliyetendewa. Wakubwa waliokuwa na lawama juu ya maji walipona. Mwanafunzi aliyerusha jiwe akapona. Mpishi peke yake ndiye aliyebaki na kidonda.

Magazeti nayo yametufunza vibaya. Ni mara ngapi umesoma kwamba mshukiwa wa wizi "aliuawa na wananchi wenye hasira"? Msemo huu umezoeleka hata hatuusikii tena. Lakini hebu uupasue uone ndani. Mtu amekufa. Amepigwa kwa mawe na mikono ya watu wenye majina, watu wanaojulikana pale kijijini, ambao jioni walirudi nyumbani wakanawa na kula. Gazeti halikutuambia ni akina nani, wala kama marehemu aliiba kweli. Limetuambia walikuwa na hasira. Nasi tunafungua ukurasa wa michezo.

Sisi wa sehemu hizi tuna sababu kubwa kuliko wengine ya kuliangalia neno hili kwa makini. Usiku wa tarehe 13 Julai, 1991, katika Shule ya Sekondari ya Mseto ya St. Kizito, kule Tigania, Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walifariki, na 71 walibakwa. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba wavulana walikuwa wameitisha mgomo na wasichana wakakataa kujiunga nao. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, lakini hadithi hiyo inajulikana katika kila boma, na kina mama husita kabla ya kuitamka.

Sasa jaribu kuandika: "Wavulana walivamia bweni kwa hasira." Sentensi ni sanifu. Haina kosa la upatanisho wala la tahajia. Lakini tazama inavyofanya kazi. Msomaji akishaambiwa kuna hasira, swali linalofuata kichwani mwake ni, je, nani aliwakasirisha? Na jibu liko karibu: wasichana, kwa vile walikataa kugoma. Tayari kidole kimehama kutoka kwa aliyevunja mlango kikamwelekea aliyekuwa amelala ndani. Maneno mawili yamefanya kazi hiyo, na mwandishi huenda hata hakukusudia. Ndiyo maana nasema kuna mambo ambayo hayafai kuandikwa hivyo. Andika walivunja mlango. Andika walibaka. Andika wasichana 19 walikufa. Vitenzi vinatosha, wala havihitaji kielezi cha kuvisindikiza.

Na si Meru tu. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi, 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos, lilitiwa moto na wavulana 67 wakafa. Mwaka wa 2016, katika muhula wa pili, zaidi ya shule 100 nchini zilichomwa. Kila mara tulisikia wimbo ule ule: wanafunzi wana hasira. Sawa, lakini hasira haiwezi kwenda dukani kununua petroli. Hasira haiwezi kuficha kibiriti chini ya godoro na kungoja taa zizimwe. Anayefanya hayo ana mpango, na mpango una saa zake na watu wake. Kumwita mtu huyo mwenye hasira ni kumpa jina la mtu mwingine kabisa, yule aliyeng'aka ghafla kisha akajuta.

Sheria ya nchi yetu imeliona jambo hili vizuri kuliko sisi waandishi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, katika vifungu vya 207 na 208, inazungumzia mtu aliyeua baada ya kuchokozwa. Inasema kwamba mtu akichokozwa ghafla, akatenda papo hapo kabla hasira yake haijapata muda wa kupoa, kosa lake linaweza kushuka likawa la kuua bila kukusudia badala ya mauaji ya kukusudia. Tazama jinsi sheria inavyouliza maswali. Nani alimchokoza? Alimfanyia nini? Muda gani ulipita? Je, mtu wa kawaida naye angepandwa na mori? Mahakama haikubali mshtakiwa asimame na kusema "nilikuwa na hasira" kisha aende zake nyumbani. Hata hasira ikithibitishwa, kosa linapungua tu, haliishi. Kama jaji aliyevaa joho haridhiki na "kwa hasira", kwa nini sisi turidhike?

Kuna atakayenijibu, "Wewe unatuambia hasira ni mbaya, tunyamaze tu kama kondoo." Hapana, sikusema hivyo. Tena hebu tutazame maneno haya yalikotoka. "Hasira" tumeipata kwa Waarabu, na kwao neno lenyewe lina maana ya huzuni na majuto. "Anger" ya Waingereza nayo ilitoka katika lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, ambako ilikuwa na maana ya huzuni na taabu. Ajabu iliyoje! Watu wa jangwani na watu wa barafu, kila mmoja alichimba hasira akakuta huzuni chini yake. "Hamaki" nayo shina lake la Kiarabu lina maana ya upumbavu, na hapo sina la kuongeza. Methali yetu ya "hasira hasara" inalandanisha maneno mawili ambayo huko Uarabuni hayana shina moja. Waswahili ndio waliowaoza.

Kwa hiyo, hasira ni kama moshi. Mwenye busara akiona moshi anatafuta unapotoka. Chukua mfano wa wakulima wa miraa wa Igembe. Mwezi Juni, 2014, Uingereza iliipiga marufuku miraa, na soko kubwa likafungwa. Ukiandika "wakulima wa Maua walilalamika kwa hasira", umetupa moshi. Ukiandika kwamba mtu aliyekuwa akilipa karo kwa mashina machache ya miraa alikuta ndege haichukui tena mzigo wake, umetuonyesha panapoungua. Huyo hatumwoni tena kama mkorofi. Tunamwona ameumia. Na katika Kiswahili chetu cha huku, mtu akisema "nilisikia uchungu", mara nyingi hujui kama alitaka kulia au kupigana. Labda yeye mwenyewe hajui. Lugha imeviweka viwili hivyo chumba kimoja.

Wazee wetu walilijua hilo. Njuri Ncheke ya Wameru, iliyo na makao yake Nchiru, na kiama cha Waembu, hawakukata shauri kwa kumuuliza mtu alikuwa na hasira kiasi gani. Waliwaketisha wote wawili, kila mmoja akasema yake mpaka mwisho, na mwenye pupa akaambiwa angoje. Kusema yote mpaka mwisho ndiko kunakoipoza hasira. Kuifupisha kwa maneno mawili hakuipozi, kunaifunika tu, nayo huendelea kuchemka chini ya kifuniko.

Najua pingamizi nyingine. Mwenzangu katika mdahalo wa chama alisimama akasema, "Haya ni maneno tu. Aliyechoma amechoma, hata uandike vipi." Hoja hiyo ina uzito, siidharau. Kalamu yangu haizimi moto. Lakini sisi ndio tunaojaza karatasi za ofisini. Sisi ndio tutakaokuwa maripota, makarani wa mahakama, machifu, walimu na wazazi wanaosomewa barua. Mtu aliyezoea tangu shuleni kuandika "kwa hasira" na kufunga daftari, atafanya hivyo hivyo siku atakapoandika ripoti ya mtu aliyeuawa sokoni Gakoromone. Mazoea yana taabu.

Mwingine alisema kwamba nikishawaambia hivi, wanafunzi watakimbilia misamiati migumu, waanze kughadhibika na kuhamaki katika kila mstari ili wamfurahishe mtahini. Huyo namkubalia kabisa. Kubadilisha "kwa hasira" na "kwa ghadhabu isiyo kifani" ni kubadilisha viatu bila ya kunawa miguu. Sikuomba neno gumu. Niliomba neno linalosema kilichotokea. "Alitupa sahani" ni maneno mawili mepesi, mtoto wa darasa la kwanza anayajua, na yanazidi ghadhabu zote za kamusi.

Basi, wanachama wenzangu, natoa pendekezo la vitendo. Kila mara kalamu inapotaka kuandika "kwa hasira", isimamishe kidogo ujiulize maswali matatu. Kwanza, mtu huyu alifanya nini hasa, kwa mkono, kwa mdomo au kwa macho? Ukipata kitenzi, kiandike, kisha ufute kielezi. Pili, kilichomkasirisha ni nini? Kama ni maji kukatika, andika maji yalikatika. Kama hukijui, usiiruhusu "kwa" ikudanganye kwamba umekitaja. Tatu, ni nani aliyeumia, na je, yumo katika sentensi yako? Kama hayumo, mtafute umrudishe.

Ukishayajibu hayo yote na bado ukaona "kwa hasira" inafaa, iandike bila ya woga. Siku hiyo itakuwa kielezi kweli, itakaa mahali pake na kujibu "vipi", kama "angrily" inavyofanya kwa wenyewe.

Wapwani wanasema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Sisi wa mlimani hatujawahi kumwona mkizi, lakini tunaelezwa kwamba ni samaki ambaye akikasirika huruka juu ya maji na kuangukia ndani ya chombo cha mvuvi. Wengi wetu huichukua methali hii kama onyo kwa mkizi. Mimi huwa namtazama mvuvi. Kila panapotokea vurugu shuleni au sokoni, yuko mtu aliyeketi kimya katika dau lake, anayefurahi kwamba habari itaandikwa "kwa hasira" na kwamba yeye hatatajwa. Tusimpe samaki wa bure. Tuandike jina la tendo, tuandike chanzo chake, na tuandike jina la aliyeumia.